Kipa atoke lini? Patrick Roy alilijua jibu kabla hajawa kocha

Jumamosi ya tarehe 2 Desemba 1995, katika ukumbi wa Montreal Forum, Patrick Roy, kipa wa timu ya hoki ya barafuni ya Montreal Canadiens, alifungwa magoli 9 ndipo kocha wake akamtoa. Mechi iliisha 11-1, na waliowamwagia Canadiens mvua ile ya mabao nyumbani kwao walikuwa Detroit Red Wings.

Wanaoikumbuka mechi hiyo hawazungumzii sana matokeo. Wanazungumzia sekunde chache za pale benchi. Video yake nimeitazama mara nyingi, na kila mara nairudisha nyuma niione tena. Roy anadaka mchomo mmoja mwepesi katika kipindi cha pili, na mashabiki wake mwenyewe wanampigia makofi ya kumkejeli. Anainua mikono yote miwili juu. Baadaye anafungwa tena, na sasa ndipo anaitwa. Anaingia benchi, anampita kocha Mario Tremblay, ambaye amekunja mikono kifuani na kumkazia macho. Kisha anageuka. Anampita kocha kwa mara ya pili, anamwinamia rais wa klabu, Ronald Corey, aliyekaa safu ya mbele nyuma ya benchi, na kumwambia kwamba hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho Montreal. Siku 4 baadaye alikuwa mchezaji wa Colorado Avalanche.

Ukisoma wasifu wa Roy (jina hutamkwa "Rwa", ni Kifaransa cha Quebec) utaambiwa alianza ukocha mwaka 2005. Mimi naamini alianza usiku ule. Yote aliyoyafanya baadaye akiwa kocha, mazuri na mabaya, nayaona ndani ya zile sekunde chache za benchi.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, nieleze kidogo. Timu ya hoki ya barafuni huwa na watu 6 uwanjani, 5 wa kucheza na kipa mmoja. Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Kinachogombewa ni paki, kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, na kikipigwa sawasawa huja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Wachezaji wengine hukimbizana chini ya dakika moja, wanarudi benchi kuvuta pumzi, wengine wanaruka kuingia. Kipa hana zamu. Dakika zote 60 ni zake, na akitolewa kabla ya hapo hakuna mtu ukumbini anayehitaji kuelezwa kwa nini.

Sababu kubwa za kumtoa ni mbili, ukiacha kuumia. Ya kwanza ni kwamba amechemsha. Ya pili ni kamari: timu iko nyuma, dakika za lala salama zimefika, kocha anamwita kipa akimbie benchi ili nafasi yake ichukuliwe na mshambuliaji wa 6. Lango linabaki wazi kabisa, na mpinzani akiinasa paki anaweza kuitupia tu kutoka nusu yake ya uwanja ikaingia. Maamuzi yote mawili ni ya mtu mmoja aliyesimama nyuma ya benchi na suti yake, na mara nyingi mtu huyo hajawahi kusimama golini maishani mwake.

Nilidaka mpira wa miguu nikiwa shule, na siku moja nilifungwa 7. Mwalimu wa michezo hakunitoa wala hakunisemesha. Yale magoli nimeshayasahau, siwezi kukuambia hata moja liliingia vipi. Nakumbuka tu kwamba baada ya la 4 nilianza kutazama benchi kila mpira ulipotoka nje, na hakuna aliyenitazama. Ndiyo maana sijawahi kumlaumu Roy kwa yale aliyomwambia Corey.

Na huyu hakuwa kipa wa kubahatisha. Alizaliwa Quebec City tarehe 5 Oktoba 1965. Canadiens walimchagua mwaka 1984 akiwa wa 51 katika orodha, yaani vijana 50 walionekana bora kuliko yeye. Mwaka 1985 alitwaa ubingwa wa ligi ya daraja la chini na timu ya Sherbrooke. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20, alinyanyua Kombe la Stanley, la mabingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na akapewa tuzo ya Conn Smythe, ya mchezaji bora wa mechi za mtoano. Alikuja kuipata tena mwaka 1993 na mwaka 2001, na hadi leo ninapoandika hakuna mwingine aliyeipata mara 3.

Katika miaka ile ya mwanzo alikutana na François Allaire, kocha wa makipa. Zamani makipa wengi walisimama, wakategemea wepesi wa mkono na mguu. Glenn Hall na Tony Esposito walishaanza kupiga magoti kabla ya Roy, lakini yeye na Allaire waliufanya mtindo huo kuwa hesabu. Magoti yanashuka pamoja, miguu inafunguka pembeni kama mbawa za kipepeo, pedi zinaziba barafu yote mbele ya lango, glavu inangoja juu. Anayepiga anaachiwa vipenyo vichache tu, na kipa anavijua tayari. Kizazi kizima cha makipa wa Quebec kilikua kikimwiga.

Alikuwa pia na desturi zake. Kabla ya mechi aliteleza akasimama mbali kidogo na goli, akaligeukia, akalitazama kwa makini, kisha akaliendea moja kwa moja na kugeuka dakika ya mwisho. Alizungumza na milingoti, na ikimwokoa aliishukuru. Wengi huhadithia hayo kama kichekesho. Mimi naona mtu aliyejua kwamba atakuwa peke yake kwa saa nzima na anatafuta wa kusimama naye.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana mechi zilipokuwa ngumu. Mwaka 1993 Canadiens walishinda mechi 10 mfululizo za muda wa ziada katika mtoano wa msimu mmoja. Katika muda wa ziada goli moja linamaliza kila kitu, kwa hiyo kipa hana pa kujificha. Na Juni 1996, miezi 6 tu baada ya fedheha ile ya Detroit, aliichezea Colorado mechi ya mwisho ya fainali dhidi ya Florida Panthers. Ilikwenda mpaka kipindi cha 3 cha nyongeza ikiwa 0-0, Roy akaokoa michomo 63, Uwe Krupp akafunga, kombe likaenda Denver, nyumbani kwa Colorado. Nikimsikia mtu akisema Tremblay alikuwa anamfundisha adabu kijana mwenye kiburi, huwa namrudisha kwenye namba hiyo. 63, bila kuruhusu hata moja.

Alitundika viatu vyake vya barafuni mwaka 2003 akiwa na ushindi 551 katika mechi za kawaida za NHL, rekodi wakati huo. Hapo ndipo linapokuja suala linalonigusa zaidi: kwa nini makipa wachache sana huwa makocha wakuu?

Jibu la kawaida ni kwamba kipa anaishi mchezo wa peke yake. Anafanya mazoezi kwenye kona yake na kocha wake, hajui kupanga zamu za washambuliaji, hajawahi kuhisi mapafu yanavyowaka baada ya sekunde 45 za kukimbizana. Hoja hiyo ina uzito, sitaki kuipuuza. Jacques Plante ndiye kipa aliyekuwa na akili ya mchezo kuliko wengi waliowahi kuvaa pedi. Tarehe 1 Novemba 1959, mchomo wa Andy Bathgate ulipompasua uso jijini New York, alikataa kurudi golini bila barakoa, ingawa kocha wake Toe Blake hakuitaka kabisa, na tangu siku ile barakoa haikuondoka katika mchezo huu. Lakini alipopewa timu ya Quebec Nordiques aifundishe msimu wa 1973-74, alidumu msimu huo mmoja, kisha akarudi kudaka huko Edmonton. Akili ya kipa peke yake haikumtosha.

Wapo waliofika mbali zaidi. Emile Francis, kipa wa zamani, aliwafikisha New York Rangers fainali ya mwaka 1972. Gerry Cheevers aliwafundisha Boston Bruins kuanzia 1980 hadi 1985. Njia ipo basi, ila nyembamba.

Nadhani hoja ile ya kawaida inasahau jambo. Kipa ndiye mtu pekee anayeuona mchezo wote ukiwa mbele yake, mwanzo hadi mwisho. Mshambuliaji anaona mgongo wa beki na kona ya goli. Kipa anaona shambulio likizaliwa upande wa pili, anaona nani kachelewa kurudi, anaona beki wa kushoto kachoka kabla beki mwenyewe hajakubali. Kisha anapiga kelele, anapanga watu. Zaidi ya hapo, amewahi kuwa sababu ya kushinda na sababu ya kushindwa mbele ya maelfu, tena katika wiki moja. Kocha anapotafuta maneno ya kumwambia kijana aliyeharibu, mtu kama huyo hahitaji kubuni.

Vladislav Tretiak nitamtaja hapa kwa sababu yeye alikutwa na kosa la upande mwingine. Tarehe 22 Februari 1980, Olimpiki ya Lake Placid, Wasovieti walikuwa sare 2-2 na Wamarekani mwisho wa kipindi cha kwanza, baada ya goli la sekunde ya mwisho. Kocha Viktor Tikhonov alimtoa Tretiak, kipa bora duniani wakati huo, akamwingiza Vladimir Myshkin. Wakafungwa 4-3. Magoli mawili tu, na kipa akakalishwa! Tikhonov mwenyewe alikuja kukiri kwamba lilikuwa kosa kubwa. Tremblay alichelewa, Tikhonov aliharakisha, na wote wawili walimtazama kipa kama kifaa cha kuwasha na kuzima. Tretiak alistaafu mwaka 1984, na kuanzia 1990 akawafundisha makipa wa Chicago Blackhawks. Mmoja wa wanafunzi wake, Ed Belfour, alikuja kuvaa jezi namba 20 kwa heshima yake. Huwezi kununua heshima ya namna hiyo kwa mbinu za ubaoni.

Roy yeye hakutaka kuwa kocha wa makipa. Alitaka benchi lote. Na alianzia mahali ambapo nyota wengi wasingekubali kuanzia, katika ligi ya vijana wa miaka 16 hadi 20, na timu ya Quebec Remparts ambayo alikuwa mmoja wa wamiliki wake. Mwaka 2005 alisimama nyuma ya benchi, na Mei 2006 Remparts wakatwaa Kombe la Memorial, ubingwa mkubwa kuliko wote kwa vijana Kanada, baada ya kuwafunga Moncton Wildcats kwenye barafu ya Moncton. Mwaka huo huo aliingizwa katika Jumba la Umaarufu la hoki. Milango ya NHL isingekuwa migumu kwake baada ya hapo. Akabaki na vijana hadi 2013, safari za basi, majira ya baridi ya Quebec, wachezaji ambao wengi wao hawatawahi kucheza ligi kuu. Katika kazi yake yote ya ukocha hiki ndicho kipande ninachokienzi zaidi, na ndicho kinachoandikwa kidogo kuliko vyote.

Colorado walimwita mwaka 2013. Timu ilikuwa imetoka kushika nafasi ya pili kutoka mkiani katika ligi nzima. Mechi ya kwanza, tarehe 2 Oktoba dhidi ya Anaheim, walishinda 6-1, lakini dunia ilizungumzia mwisho wake, Roy akikisukuma kioo kinachotenganisha mabenchi huku akimfokea kocha wa wapinzani, Bruce Boudreau, mpaka kioo kikayumba. Alipigwa faini ya dola 10,000. Sisifii hasira ile. Ila aliyekuwa akipiganiwa ni Nathan MacKinnon, kijana wa miaka 18 katika mechi yake ya kwanza, ambaye Roy aliona amechezewa vibaya, na wachezaji wote benchini walishuhudia kocha wao akisimama mbele yao. Nina hakika Roy alikuwa anakumbuka kocha mwingine, aliyekunja mikono.

Msimu ule Avalanche walimaliza na pointi 112, vinara wa kundi lao, na Roy akapewa tuzo ya Jack Adams ya kocha bora. Allaire alikuwa amekuja naye, akimfundisha kipa Semyon Varlamov, aliyeshinda mechi 41.

Halafu ikaja ile tabia iliyowashangaza watu. Roy, kipa wa maisha, alikuwa anamtoa kipa wake mapema kuliko kocha yeyote! Desturi ya ligi ilikuwa kungoja dakika ya mwisho au karibu na hapo. Tarehe 17 Aprili 2014, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Minnesota Wild (timu mbili hukutana mpaka moja ishinde mechi 4), Colorado wako nyuma kwa goli moja, zimebaki kama dakika 3, na Varlamov anaonekana akiteleza mbio kuelekea benchi. Dakika 3 lango likiwa tupu ni muda mrefu wa kutisha. Paki ilizunguka, ikanusurika, ikazunguka tena. Zikiwa zimebaki sekunde 13 Paul Stastny akasawazisha, na katika muda wa ziada Stastny huyo huyo akamaliza kazi, 5-4. Katika mechi ya 5 Roy akarudia kamari ile, ikazaa tena sare kisha ushindi. Mwishowe Minnesota walisonga mbele kwa mechi 7, lakini leo makocha wengi wa NHL huwatoa makipa mapema vile, na hakuna anayewaita wendawazimu.

Watu waliita ujasiri wa mshambuliaji. Mimi nasema ulikuwa ufahamu wa kipa. Aliyesimama golini miaka 18 anajua kwamba kufungwa 4-3 na kufungwa 5-3 kwa timu ni kitu kimoja, kinachoumiza zaidi ni namba za kipa tu, na goli la lango tupu hata haliandikwi kwenye namba za kipa. Hofu waliyokuwa nayo makocha ilikuwa ya kuaibika wao. Roy alikuwa ameshaaibika mbele ya Montreal nzima, akaamka kesho yake.

Sasa upande nisioweza kumtetea. Misimu miwili iliyofuata Colorado hawakufika mtoano. Agosti 2016, wiki chache kabla ya kambi ya mazoezi kuanza, Roy akabwaga manyanga akisema hana sauti ya kutosha katika maamuzi ya klabu. Meneja mkuu alikuwa Joe Sakic, nahodha wake wa zamani, mtu aliyenyanyua naye makombe. Huenda alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kumwachia mwenzako timu bila kocha wakati kama huo, na vijana kama MacKinnon wakisubiri mpango wa msimu, ni ule ule mgeuko wa mwaka 1995: anampita kocha, anakwenda kwa rais, anaondoka. Kipa wa miaka 30 aliyefedheheshwa nilimwelewa. Kocha wa miaka 50 nilitegemea angebaki.

Alirudi Remparts mwaka 2018, kwa vijana wale wale na mabasi yale yale. Tarehe 4 Juni 2023, huko Kamloops, walitwaa tena Kombe la Memorial kwa kuwafunga Seattle Thunderbirds 5-0. Miaka 17 imepita kati ya kombe la kwanza na la pili, na la pili likaja bila timu yake kuruhusu goli. Kwa kipa wa zamani sidhani kuna matokeo matamu kuliko hayo.

New York Islanders walimwajiri Januari 2024, msimu ukiwa katikati na timu ikiyumba. Golini alimkuta Ilya Sorokin, na pembeni yake Varlamov, yule yule wa Denver, sasa mzee wa kazi. Waliingia mtoano wakakutana na Carolina Hurricanes. Mechi ya 3, Aprili 2024, Sorokin alianza vibaya. La kwanza, la pili, la tatu. Roy akamtoa hapo hapo, Varlamov akaingia. Mechi iliyofuata Varlamov alianza, Islanders wakashinda 3-2 katika kipindi cha pili cha nyongeza. Carolina waliwatoa siku chache baadaye kwa jumla ya mechi 4-1.

Niliifuatilia habari ile kwa shauku kuliko matokeo yenyewe, nikingoja kuona kama kipa aliyetolewa angegeuka kwenda kwa rais. Msimu uliofuata Sorokin ndiye aliyesimama golini mara nyingi kuliko kipa mwingine yeyote wa Islanders, chini ya kocha yule yule aliyemtoa.